Kabati la Vigae Vyekundu

Mwanamume aliyenuna msimu mzima akianza kupiga mluzi, mkewe ana haki ya kuuliza kuna nini. Hiyo ni kauli yangu na sijaibadilisha mpaka leo. Baptistin Isnardi alianza mluzi wake wakati wa kuchuma maua ya machungwa, na sisi majirani tulimsikia wote, maana banda lake la useremala limepakana na ukuta ninapokaangia mikate yangu ya dengu. Tangu mkewe arudi kutoka hospitali mikono mitupu, wakati wa baridi, mtu yule hakuwa na mluzi wala salamu. Sasa ghafla randa inakwenda, mluzi unakwenda, na mlango wa banda umepigwa kufuli.

Kufuli! Hapa Vallauris watu hufunga pipa la divai, basi. Banda la seremala linafungwa kwa sababu gani? Nani atamwibia vumbi la mbao? Ufunguo wenyewe ameuvaa shingoni kwa kamba, utafikiri ni msalaba wa mama yake.

Mkewe, Léontine, alikuwa mchoraji katika karakana ya Bwana Maubert, chini kidogo ya kanisa. Tangu vita viishe, watu wa Paris na Cannes walikuwa wameingiwa na wazimu wa vigae vya kuchorwa. Meza zitiwe vigae, makabati yatiwe samaki milangoni, vitanda vitiwe jua lenye macho na pua. Meza zenyewe zinafika magotini. Mtu mzima akitaka kikombe chake lazima ainame kama anayechuma kabichi. Lakini walinunua, na sisi tukala. Wanaume walitengeneza mbao, wanawake wakachora, na nyuma ya kila kitu likapigwa jina la Bwana Maubert, ambaye hajui kuchora hata yai.

Kwa kuwa mchoraji haweki jina, hapa kwetu huulizi kazi hii ya nani. Unatazama rangi. Ukiona kijani, kile cha jani la mzeituni lililonyeshewa, huyo ni Léontine. Ukiona nyekundu, huyo ni Odile wa karakana ya juu, hakuna mwingine, maana rangi ile alikuwa akiletewa kwenye makopo kutoka Paris, na siri yake hampi hata mama mzazi. Zamani Odile na Léontine walichora kwenye benchi moja. Siku moja Odile alihamia karakana ya juu, na samaki wa Léontine akahama naye, yule yule mwenye kope ndefu, ila amepakwa nyekundu. Tokea hapo mmoja akiingia kwa mwoka mikate, mwingine hutoka.

Sasa, siku ya kufua, Léontine alinijia na leso aliyoifumba kiganjani.

"Zélie, shoga yangu, nitazamie hiki."

Kilikuwa kipande cha kigae, kidogo kama ukucha wa kidole gumba.

"Umekitoa wapi?"

"Mfukoni mwa suruali ya Baptistin."

"Chekundu," nikasema.

"Kwamba ni chekundu nimeona, sijapofuka. Nakuuliza kinatoka wapi."

"Kwani wewe hujui kinatoka wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, mwenzangu, na hiki umekitoa nguoni kweli."

Hakucheka. Nikamkatia kipande cha mkate wa dengu, cha pembeni, kilichoungua kidogo kama anavyopenda. Akakisukuma.

"Ondoa. Mafuta yananichefua leo."

Nilidhani ni hasira. Na kwa sababu mimi si mtu wa kuficha jambo rafiki yangu aje kuambiwa na wengine sokoni, nikamwambia nililoliona: Alhamisi nilipopeleka mikate karakana ya juu, Baptistin alikuwa amesimama getini na Odile. Alikuwa na gunia begani. Odile alikuwa akicheka, kichwa nyuma, shingo yote nje.

"Baptistin alisema nini mpaka akacheka?"

"Sikusikia. Ila ujue, mumeo tangu nimfahamu hajawahi kusema jambo la kuchekesha."

Léontine akaifumba leso tena. "Basi mimi nimepewa yule wa kununa," akasema, "na mwenzangu amepewa wa kuchekesha."

Jioni ile nilikuwa nasugua sinia langu uani, na dirisha lao la jikoni lilikuwa wazi. Sikutega sikio. Lakini masikio hayana vifuniko.

"Umeshinda wapi leo?" Léontine akauliza.

"Bandani."

"Unatengeneza nini?"

"Kabati."

"La nani?"

"La mtu."

"Mtu ana jina, Baptistin."

"Atakuwa nalo." Nikasikia kijiko kikigonga bakuli. "Akija utamwona. Kula basi, mke wangu, supu inapoa."

"Sina njaa."

"Najua," akasema, kwa sauti ya upole iliyonitia kichaa mimi niliye nje, sembuse mwenye mume.

Kesho yake asubuhi, Baptistin alipokwenda kununua misumari, Léontine alibandika jicho kwenye ufa wa ukuta wa banda, mahali ambapo mbao mbili zimeachana. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na mwiko mkononi. Alitazama muda mrefu. Alipogeuka, midomo yake ilikuwa myeupe.

"Kuku wangu, Zélie."

"Kuku gani?"

"Kuku wangu aliyegeuza shingo. Yuko mlangoni mwa kabati. Mwekundu mwili mzima."

Akanieleza, kwa maneno ya kukatika. Kuku yule alimchora mara moja tu maishani, kabla hajalazwa. Hakuwa wa kuuzwa. Bwana Maubert alimruhusu atie vigae vyake katika tanuri pamoja na kazi ya karakana, na alivichora kwa kijani chake, kwa ajili ya nyumba yake. Hakuniambia vilikuwa vya kutia kwenye nini, na mimi sikuuliza, maana alipofika hapo aliukaza mkono juu ya tumbo lake, kisha akauondoa haraka kana kwamba umemuunguza. Alipokuwa hospitali tanuri lilipakiwa kuni mbichi, moshi ukajaa ndani, kazi yote ikaharibika. Baptistin mwenyewe alimwambia: vimevunjwa vyote.

Hapo nieleze kidogo desturi. Kigae kikiharibika tanurini hakiuzwi wala hakigawiwi, la sivyo karakana itapata jina baya. Kinavunjwa. Na anayekivunja ni yule aliyekichora, kwa mkono wake, juu ya jaa nyuma ya tanuri. Ukivunja kazi ya mwenzako ambaye hajakutuma, hata iwe mbovu namna gani, umemtukana mpaka kaburini. Nimeona ndugu wawili hawakuzikana kwa ajili ya sahani moja. Lakini Léontine alikuwa amelazwa, kwa hiyo nyundo alipewa mumewe.

"Kwa hiyo kuku wangu alikufa," akasema. "Kilichobaki ni ile karatasi niliyomchorea mwanzo. Iko kwenye mtoto wa meza chumbani. Nilikuwa sijaweza kuitazama."

Alikwenda kuangalia. Alirudi akiwa amebeba mtoto wa meza mzima mikononi, mtupu.

"Amempelekea Odile," akasema. "Samaki hakumtosha. Amempa na kuku. Yule kuku, Zélie! Angempa kitu kingine chochote. Angempa pete yangu."

Jamani, mimi nilitaka kwenda karakana ya juu saa ile ile na mwiko wangu. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na hapa halikuwa la kusemwa tu: mluzi upo, kufuli lipo, kigae chekundu kipo, karatasi haipo. Kuna jaji gani angehitaji zaidi?

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, wanaume walikwenda uwanja wa nyuma ya kanisa kucheza mipira ya chuma. Nilikuwa nasugua masufuria Léontine aliposimama mbele yangu amevaa koti la safari, mkoba wa nguo mkononi. Ule mkoba wa ngozi waliopewa harusini.

"Kwa basi la jioni naenda Nice kwa dada yangu," akasema. "Lakini kwanza nitaona kwa macho yangu, nisije nikaambiwa nimeota. Twende, uwe shahidi."

"Na kufuli?"

"Mimi mke wa seremala. Nahitaji ufunguo wa nini?"

Na kweli. Aliweka mkoba chini, akatoa bisibisi mfukoni, akazipiga pini za bawaba kutoka chini kwenda juu, moja baada ya nyingine, mlango ukatoka upande wa pili na kufuli likabaki linaning'inia bila kazi. Tukausukuma, tukaingia.

Kabati lilikuwa katikati, juu ya magunia. Sitasema uongo: lilikuwa zuri hata likaniudhi. Mbao za mjozi, miguu myembamba, milango minne imepangwa miwili juu ya miwili, na kila mlango una picha yake ya vigae. Juu kushoto kuku amegeuza shingo. Upande wa kulia jua. Chini jogoo, na pembeni yake vifaranga watatu wamebaki nyuma. Vyote vyekundu, lakini si nyekundu ya pilipili niliyoizoea. Ilikuwa nzito, kama ini, na pembeni mwa mabawa iligeuka zambarau. Nilifikiri Odile ameletewa kopo jipya.

Léontine hakutazama mengine. Alisimama mbele ya kuku.

"Hata shingo hajakosea," akasema kwa sauti ndogo. "Mwizi hodari. Hata ule unyoya mmoja nilioteleza mkono."

Nyundo ilikuwa juu ya benchi. Nilimwona akiitazama.

"Léontine, dada, usivunje kazi ya mtu. Unajua desturi. Mtukane, mvute nywele, nitakusaidia kumshika. Lakini usivunje."

"Kazi ya nani? Kuku ni wangu!"

Akapiga. Pigo moja, katikati ya kifua cha kuku, na vigae vikapasuka na kuanguka kifudifudi juu ya vumbi la mbao. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua nilimwona amepiga magoti, ameshika kipande, hakitazami upande wa rangi. Anatazama mgongo wake.

Mgongo wa kigae huchanwachanwa udongo ukiwa bado laini, ili gundi ipate pa kushika. Kila mchoraji ana kitu chake cha kuchania: mwingine uma, mwingine msumari. Léontine alitumia chanuo la marehemu mama yake, lililovunjika meno mawili ya katikati. Nililijua chanuo lile, sote tulilijua. Na pale, katika mgongo wa kuku mwekundu, michirizi ilikwenda sambamba, kisha ikaacha nafasi katikati, kisha ikaendelea. Akaokota kipande kingine. Vile vile. Akaokota cha tatu.

"Ni langu," akasema. "Zélie, hili ni chanuo langu."

Nilikuwa sijajibu tuliposikia mluzi njiani. Wanaume walikuwa wamebishana mpira wa nani uko karibu zaidi na shabaha, wakamtuma seremala alete kipimo chake. Mluzi ulikatika mlangoni. Baptistin alitazama mlango ulivyolala, akanitazama mimi, akamtazama mkewe chini, na nyundo, na pengo kwenye mlango wa kabati.

Nilingoja apige kelele. Mimi ningepiga. Yeye alichuchumaa tu na kuanza kuokota.

"Uliniambia ulivivunja," Léontine akasema.

"Nilikuambia vimevunjwa."

"Usinichezee kwa maneno, Baptistin!"

"Bwana Maubert alinipa nyundo. Akasema mkeo hayupo, vunja wewe. Akasimama dirishani asikilize." Alizungumza akiokota, polepole. "Nilivitia kwenye gunia, nikaenda jaani nikavunja matofali mawili ya tanuri. Yalitoa kishindo kizuri tu, akaridhika. Mimi si mchoraji, Léontine. Ningevunjaje? Vilikuwa vyako. Ukitaka kuvivunja uje uvivunje mwenyewe."

"Lakini mimi nilichora kijani!"

"Moshi. Shaba iliyo katika kijani chako ilisongwa na moshi ikageuka nyekundu. Wazee wa tanuri walisema wameona mara moja zamani, hawajaona tena. Uliporudi sikuthubutu kukuonyesha. Ulisema nisikuletee habari yoyote ya siku zile. Hata karatasi nimeichukua juzi tu, nijue kuku anakaa upande gani."

"Na Odile?" nikadakia, maana bado nilikuwa na kesi yangu. "Getini ulikuwa unafanya nini na Odile?"

Akanigeukia kama ndiyo kwanza anakumbuka kuwa nipo. "Vigae vilipinda tanurini, mama Zélie. Vilikuwa haviingii kwenye fremu. Karakana ya juu wana jiwe la kusagia kingo, nilikwenda kuliomba. Vikasagika, vipande vingine vikaruka mpaka mifukoni mwangu. Odile alicheka kuona rangi ile. Alisema ameteseka na makopo yake yote na hajawahi kuipata, na sasa Léontine kaipata kwa ajali."

Léontine alikuwa amekaa chini kabisa sasa, koti lake la safari limejaa vumbi. Kwa mara ya kwanza alilitazama kabati lote. Na mimi nikalitazama tena, nikaona nilichokuwa sijakiona. Lilifika kiunoni tu. Vishikio vya milango havikuwa katikati, mahali pa mkono wa mtu mzima. Vilikuwa chini kabisa, vidogo, vya mviringo, bila kona hata moja.

"Kwa nini sasa?" akauliza. "Vimekaa guniani miezi yote hiyo. Kwa nini umelitengeneza sasa?"

Baptistin alipanga vipande juu ya benchi, kichwa cha kuku, bawa, mguu, kabla hajajibu.

"Umeacha kahawa," akasema. "Umeacha tangu maua ya machungwa. Na mikate ya mama Zélie hutaki hata kuinusa. Mara ile ulikuwa hivyo hivyo."

Mwiko wangu ungekuwa mkononi ungeanguka. Nilimtazama Léontine, rafiki yangu wa kila siku, ambaye nilijua hata namba ya viatu vyake. Alikuwa ameinamisha uso.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu hapo."

"Na hukusema."

"Wewe nawe hukusema."

"Niliogopa!" akapiga ukelele, na machozi yakaja yote pamoja. "Niliogopa nikisema balaa litasikia. Mara ile nilimwambia kila mtu, nikachora mpaka kuku!"

"Mimi nami niliogopa," Baptistin akasema. "Ndiyo maana nikafunga kufuli."

Hasira hasara, wanasema, lakini aliyesema hivyo hakuwahi kuona mwanamke mjamzito aliyekaa kwenye vumbi la mbao akimkumbatia mume na nyundo kwa pamoja. Nilimnyang'anya nyundo. Ndilo jambo pekee la maana nililofanya siku ile.

Baada ya kitambo Baptistin akasema, "Nitamuunga. Gundi ninayo."

"Usimuunge." Léontine akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Ataonekana nyufa. Nitachora mwingine."

"Hatakuwa mwekundu. Ule moshi hatutaupata tena."

"Basi awe kijani."

"Kuku kijani, vifaranga wekundu?"

"Vifaranga watamjua tu," akasema.

Kutoka uwanjani wanaume walikuwa wakimwita Baptistin alete kipimo, na wengine wakitukana. Alikuwa ameuona mkoba pale nje ya mlango. Aliuinua, akaupima uzito mkononi, akamtazama mkewe, na Léontine akatazama kando. Aliupeleka ndani ya nyumba, na kupitia dirisha tulimsikia akifungua kabati la chumbani na kurudisha nguo, moja moja, bila mluzi.

Alipotoka mkoba ulikuwa mtupu, mdomo wazi. Akaenda nao mpaka kwenye benchi.

"Hivi nivitie humu?" akauliza, akionyesha vipande vya kuku. "Sitaki kuvitupa jaani."

Léontine alitikisa kichwa kukubali. Baptistin akatandika gunia ndani ya mkoba, akavipanga juu yake, kichwa juu, akafunga vifungo vyote viwili na kuusukuma mkoba chini ya benchi, nyuma kabisa, na uko huko mpaka leo. Mkoba wa safari, nyumba ile ilikuwa nao huo mmoja tu.